Mitungi Miwili Ubavuni: Ushauri kwa Anayeanza Saidimaunti

Ukitaka kuanza saidimaunti, yaani kupiga mbizi ukiwa na mitungi miwili ya hewa ubavuni, usianzie dukani. Anzia kwenye mtungi mmoja unaoubeba mgongoni sasa hivi. Shuka mita tano mahali penye mchanga mtupu, kunja mikono, acha mapezi yatulie, kisha ukae hapo dakika tatu mwili ukiwa umelala sambamba na mchanga, bila kupanda wala kushuka zaidi ya nusu mita. Ukiliweza hilo bila kuhangaika, uko tayari. Ukiona miguu inazama, mikono inapapasa maji na kidole hakibanduki kwenye kitufe cha kujazia hewa, basi ipo kazi ya kufanya kwanza. Kila kasoro ya kuelea uliyonayo leo utakutana nayo tena siku utakapofunga mitungi miwili, safari hii ikiwa na kilo nyingi zaidi na mikanda mingi zaidi ya kuisingizia.

Nalitanguliza hili kwa sababu saidimaunti huvutia kwa sura. Mtu anaona picha ya mpiga mbizi aliyelala majini, mgongo mtupu, mtungi mmoja chini ya kila kwapa, naye anatamani vifaa vile. Linalostahili kutamaniwa ni ule utulivu wake, nao haupatikani kwa pesa. Unapatikana kwa kurekebisha mikanda, kuzama, kutoka, kurekebisha tena, mpaka mwili na mitungi vikubaliane. Mwenye haraka atachoka mapema na kuviuza vifaa vyake kwa hasara.

Mtindo huu ulitokana na shida. Katika miaka ya 1960 wapiga mbizi wa mapangoni nchini Uingereza, hasa kwenye vilima vya Mendip, walikuwa wakipita katika vijia vyembamba ambamo maji na nchi kavu hupokezana. Mtungi wa mgongoni ulikwama darini. Wakaushusha na kuufunga kiunoni. Hawakujali sana namna ya kuelea, kwani sehemu kubwa ya safari yao ilikuwa ni kutambaa. Huko Florida, ambako mapango yamejaa maji safi na mtu huogelea masafa marefu, mitungi ikapandishwa hadi kwapani na mfuko wa kuelea ukaongezwa. Wapiga mbizi wa Yucatán, nchini Mexico, nao wakaupunguza mzigo na kurahisisha mikanda, wakichunguza mitandao ya mapango kama Sac Actun, ambao mwezi Januari 2018 ilitangazwa kwamba umeungana na ule wa Dos Ojos na kufikia urefu wa kilomita 347. Bahari ya wazi ilikuja kuupokea mtindo huu ukiwa umeshakomaa. Kwa hiyo kila pete na kila lastiki utakayoiona kwenye mikanda hiyo iliwekwa kwa ajili ya tatizo fulani. Wewe unayezamia Mnemba, Misali, Chole au Watamu huna vijia vya Mendip. Usibebe suluhisho la tatizo ambalo bahari yako haina.

Faida zinazotuhusu ni za kawaida, na ni kubwa. Mtungi wa alumini mtupu una uzito wa kilo 14 na zaidi, na anayeumwa mgongo au magoti anajua maana ya kusimama na mzigo huo juu ya jahazi linaloyumba. Katika saidimaunti unaweza kuupokea kila mtungi ukiwa tayari majini. Pili, una hewa mbili zisizotegemeana: kila mtungi una koki yake, regyuleta yake na geji yake, na upande mmoja ukiharibika, mwingine unabaki mzima. Tatu, koki zipo kifuani, mahali unapoziona na kuzifikia kwa mkono. Mwenye mtungi mgongoni, mpira wa hewa ukimpasukia nyuma ya kisogo, husikia mlio na kuona mapovu tu.

Ipo sababu moja ambayo nikiisikia hunitia hofu: “Nataka saidimaunti ili nishuke zaidi na nikae zaidi.” Tukae kitako na hesabu.

Mtungi wa alumini unaotumika sana katika vituo vya mwambao wetu una ujazo wa lita 11 hivi, nao hujazwa hadi bar 200. Hizo ni lita 2,200 za hewa. Miwili inakuwa na lita 4,400. Mchukue mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu, kwa hiyo anavuta lita 80 kwa dakika. Mtungi mmoja ungemalizika kabisa kwa dakika 27. Miwili itampeleka hadi dakika 55. Lakini jedwali la shirika la mafunzo ya mbizi la PADI, kwa hewa ya kawaida, linampa dakika 20 tu kwenye kina hicho, katika mbizi ya kwanza ya siku, kabla mwili haujabeba naitrojeni ya kumlazimisha kusimama njiani wakati wa kupanda. Maana yake ni kwamba ule mtungi mmoja ulikuwa ukimlinda bila yeye kujua. Geji ilikuwa ikimrudisha juu karibu na wakati uleule ambao mwili wake ulihitaji kurudi. Mitungi miwili inauondoa ulinzi huo, na mahali pake hapabaki kitu ila kompyuta ya mkononi na akili yake mwenyewe.

Sasa mpandishe hadi mita 12. Shinikizo ni mara 2.2, naye anavuta lita 44 kwa dakika. Jedwali linampa dakika 147. Akitenga theluthi nzima ya hewa kuwa akiba isiyoguswa, zinabaki lita 2,900 hivi, nazo zinamtosha kwa saa moja na dakika kadhaa. Hapa ndipo saidimaunti inapolipa pwani kwetu: miamba ya mita 10 hadi 15, yenye mwanga, yenye uhai mwingi, ambayo mtungi mmoja hukuondoa kabla hujaichoka. Mabaki ya Great Northern, meli ya kutandaza nyaya iliyozama karibu na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1902, yako kwenye mita 12 hivi. Mtu aliyetulia anaweza kuyazunguka polepole, akatazama kila ubavu wa chuma uliovaa matumbawe, na bado akapanda na akiba kubwa. Ningependa wengi wetu tuutumie mtindo huu hivyo. Jambo moja tu usilisahau: saa nzima majini inapoza mwili hata katika maji ya nyuzi 27. Suti iliyokutosha kwa dakika 40 huenda isikutoshe.

Kuhusu mwalimu, usiangalie cheti peke yake. Mashirika mengi yanatoa kozi hii sasa, na ile ya burudani ya PADI ina zoezi la bwawani au maji yaliyotulia na mbizi tatu baharini. Mbizi tatu zinatosha kukuonyesha njia. Hazitoshi kukuzoesha. Kabla hujalipa, omba umwone mwalimu mwenyewe akiwa majini na mitungi yake, au picha zake za video. Je, mitungi imelala sambamba na mbavu zake, au mikia inaning’inia? Je, yeye huzamia hivi akiwa peke yake na wenzake, au huvaa mikanda hiyo siku ya mwanafunzi tu? Muulize atatumia muda gani kurekebisha mikanda yako nchi kavu. Akikujibu dakika kumi, tafuta mwingine. Mwalimu mzuri atakushikilia ufukweni karibu asubuhi nzima, nawe utaona kama anapoteza muda wako. Vumilia. Kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Mikanda ya saidimaunti haifanani na kizibao cha kawaida chenye mifuko ya hewa, ambacho ukikaza mikanda miwili umeshamaliza. Hapa kuna utepe unaopita mabegani, mwingine kiunoni, mwingine kati ya mapaja, na mfuko wa kuelea uliolala chini ya mgongo karibu na kiuno. Kinachobeba mtungi ni vitu viwili. Juu ipo kamba ya lastiki inayotoka nyuma ya kwapa, ikazunguka shingo ya mtungi penye koki. Chini ipo kulabu ya springi iliyofungwa kwenye mkanda wa mtungi, nayo hunasa kwenye pete ya kiunoni. Lastiki huivuta koki ije kwapani. Kulabu huushikilia mkia usiende mbali. Ukielewa mvutano huo wa sehemu mbili, umeelewa karibu kila marekebisho utakayoambiwa kufanya.

Vaa kila kitu nchi kavu, suti ikiwemo, bila mitungi kwanza. Utepe wa mabegani upitishe ngumi yako iliyolala kati yake na kifua, usiwe mlegevu kuliko hapo. Inama mbele kama unayerukuu, mgongo ukiwa mlalo, kwa maana utakuwa hivyo majini. Mikanda iliyokaa vizuri ukiwa umesimama wima haikuambii lolote. Mwenzako akufungie mtungi mmoja, aushike kwa mkono asaidie uzito, kisha atazame kutoka ubavuni. Mstari wa mtungi na mstari wa mbavu viende pamoja. Koki ikiwa mbali na kwapa, lastiki ni ndefu. Ikiwa inakubana mpaka mkono hauendi mbele, ni fupi. Mtungi ukijizungusha na kipumulio kikatazama nje, mkanda wa mtungi umefungwa vibaya. Uzungushe kidogo, jaribu tena. Rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitu vitatu pamoja hatajua kipi kilimsaidia.

Kisha uingie majini, na hapo utagundua kwamba mtungi wa alumini hauna tabia moja. Hewa ina uzito: zile lita 2,200 ni kilo mbili na nusu na zaidi. Mtungi uliojaa huzama kidogo, na kadiri unavyovuta hewa yake unakuwa mwepesi, hadi mwishoni mkia unainuka na kutaka kupanda juu ya kiuno chako. Wengi wanaoanza hushangaa hapa, hudhani wamekosea kufunga. Hawakukosea. Ndiyo maana mikanda mingi ina pete ya pili kiunoni, iliyo mbele zaidi au inayoteleza. Mkia ukianza kuinuka, hamisha kulabu kutoka pete ya nyuma hadi ya mbele, na mtungi utalala tena. Fanya hivyo kwa mikono yote miwili kwa zamu, macho yakiwa mbele, mpaka usihitaji kutazama. Msomaji aliye Ulaya atapewa mara nyingi mitungi ya chuma, ambayo hubaki mizito hadi mwisho. Kwake zoezi hili la kuhamisha kulabu halina maana kubwa, ila itambidi apunguze risasi nyingi za kuongeza uzito, na akivaa suti kavu hesabu yote ya kuelea itabadilika tena.

Risasi nazo zinahitaji subira. Kwa mitungi miwili utakayoivuta, utapanda ukiwa umepungukiwa na uzito wa hewa wa karibu kilo tano kuliko uliposhuka. Kipimo cha kweli hufanywa mwisho wa mbizi na siyo mwanzo: kila mtungi ukiwa na bar 40 hivi, kwenye mita tano, mfuko wa kuelea ukiwa mtupu, uweze kukaa bila kupanda. Ongeza au punguza hapo. Na uzito huo usiujaze wote kiunoni. Mitungi mepesi ikiinua makalio, mabega yatazama. Na risasi zikiwa nyuma ya kiuno, miguu itazama. Wengi huzipanga kwenye utepe wa uti wa mgongo, juu au chini kidogo, mpaka mwili ulale. Mpe mtu kamera akupige picha kutoka ubavuni. Mwili majini hujidanganya sana. Utaapa kwamba umelala sawa kumbe umesimama nusu.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye hewa yenyewe, na hapa siwezi kuwa mpole. Mitungi miwili inakupa usalama kwa sharti moja: uvute kwa zamu. Ukivuta wa kulia mpaka uishe ndipo uhamie wa kushoto, tangu dakika hiyo wewe ni mtu wa mtungi mmoja tu, tena uliojichosha kwa kubeba mwingine mtupu. Utaratibu ulio rahisi kukumbuka ni huu. Ukianza na bar 200 kila upande, vuta wa kwanza hadi 170. Hamia wa pili, uuvute hadi 140. Rudi wa kwanza hadi 110, nenda wa pili hadi 80. Tofauti kati ya mitungi haizidi bar 30 wakati wowote, na hivyo, upande wowote utakaoharibika, unajua una karibu nusu ya hewa yako na mizani ya mwili haijaegemea upande mmoja. Mwalimu wako akikupa hatua nyingine, fuata zake. Cha msingi ni tofauti iwe ndogo na hesabu iwe kichwani.

Kuhama upande kusiwe kwa mazoea matupu. Tazama geji ya upande unaohamia. Pitisha vidole kwenye mpira wa hewa kutoka kwenye koki hadi kwenye kipumulio, uhakikishe unachokishika ni cha mtungi unaoudhania. Kitoe maji kipumulio hicho, onja pumzi moja, ndipo uache kile cha kwanza na kukirudisha mahali pake. Kwa sasa mitungi yako yote ina hewa ileile, na utajiuliza kwa nini ujisumbue. Siku utakapoendelea hadi kozi za mchanganyiko tofauti wa gesi, kosa la kipumulio linaweza kuua, na tabia utakayokuwa nayo siku hiyo ni ile uliyoijenga leo. Kama unatumia naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, pima kila mtungi peke yake kwa kipimo cha oksijeni na uandike ubavuni mwake. Kujazwa siku moja na mashine moja si uthibitisho.

Upande wa kulia kwa kawaida hubeba mpira mrefu, wa karibu mita mbili, unaozungushwa nyuma ya shingo. Wa kushoto hubeba mfupi, na kipumulio chake huning’inia chini ya kidevu kwa lastiki nyembamba shingoni. Mrefu ni kwa ajili ya mwenzako. Sasa mwenzako huyo, pwani kwetu, mara nyingi atakuwa amevaa mtungi mmoja mgongoni na hajawahi kuona mpangilio wako. Amezoea kutafuta kipumulio cha njano kwenye mbavu za mwenziwe, na kwako hakipo. Mweleze kabla ya kuruka, kwa maneno yasiyo na utata, kwa mfano: “Kaka, ukiishiwa hewa njoo mbele yangu unionyeshe ishara, usivute chochote. Nikiwa navuta huu mrefu, nitakupa wa mdomoni mwangu na mimi nitachukua wa shingoni. Nikiwa navuta mfupi, mrefu utauona umenaswa hapa begani kulia. Nitaunasua na kukupa.” Kisha fanyeni zoezi hilo mkiwa juu ya maji, na tena kwenye mita tano, kabla ya kuelekea kwenye mwamba. Mwenzako akisema haina haja, haja ipo. Vilevile mwambie kiongozi wa mbizi kwamba geji zako ni mbili, ili akikuuliza hewa umjibu kwa namba mbili na asishangae.

Mazoezi ya hatari yafanyie mahali pasipo na hatari. Kwenye mchanga wa mita tano au sita, funga koki ya mtungi unaouvuta huku kidole kikiwa tayari kuifungua, usikie jinsi pumzi inavyokuwa nzito kabla ya kukatika, halafu hama. Jifunze pia kuvuta hewa kwa kufungua na kufunga koki kwa mkono, pumzi baada ya pumzi. Regyuleta inapomwaga hewa ovyo, mwenye mtungi mgongoni hutazama geji yake ikianguka; wewe unaweza kuifunga koki, ukaifungua kwa sekunde mbili ukavuta, ukaifunga tena, na kuitumia hewa ambayo ingepotea. Ni stadi inayohitaji mkono uliozoea. Nasua mtungi mmoja kutoka kiunoni, usukume mbele yako, urudishe. Rusha boya lako la kupandia bila kupoteza kina. Na lolote likitokea kwa kweli, mpira ukipasuka au koki ikivuja, funga upande huo, hamia mwingine, mpe mwenzako ishara, pandeni. Upande uliobaki ni wa kurudia nyumbani tu, hata kama geji inaonyesha bar 150 na kasa amejitokeza mbele yenu.

Mashua ni somo ambalo vitabu vingi vya kigeni havilifundishi kwa hali yetu. Mabaharia wetu wamezoea kuunyanyua mtungi kwa koki na kumpandisha mteja mgongoni, na wanafanya hivyo kwa wema na kwa kasi. Zungumza nao kabla ya kung’oa nanga. Onyesha nahodha mitungi yako itakaa wapi ili isibingirike, na nani atakukabidhi upi. Bahari ikiwa shwari, ingia majini na mikanda yako na mfuko wa kuelea ukiwa na hewa, kisha mitungi ishushwe mmoja mmoja kwa kamba, regyuleta zikiwa zimeshafungwa. Ukishaifunga, zungusha koki zote mbili kwa mkono wako mwenyewe uhakikishe zimefunguka hadi mwisho, na uvute pumzi kutoka kila kipumulio huku ukitazama geji zake. Ukiwapo mkondo, usivalie majini. Wakati unapapasa kulabu, mkondo unakuchukua, na mashua iliyofungwa kwenye boya haiwezi kukufuata mara moja. Siku hiyo vaa mitungi yote ukiwa umekaa kwenye ukingo, mtu akikushikia, ushuke pamoja na wenzako. Wakati wa kutoka, shika kamba ya mashua kwanza, ndipo unasue mtungi mmoja na kuukabidhi, halafu wa pili. Usipande ngazi na mitungi yote ubavuni kama kuna mawimbi. Itakugonga mapaja na kukunyima mahali pa kukanyaga.

Kwa mbizi zako za mwanzo chagua siku za maji mafu. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huku kwetu hufika mita nne hivi, na maji hayo yote yanayopita kwenye mikono ya bahari huwa mikondo ambayo anayejifunza haihitaji. Kusi ikishika, hasa kati ya Mei na Agosti, bahari ya Diani na Watamu huchafuka na mawimbi huwa makubwa. Subiri, au tafuta sehemu iliyokingwa na kisiwa. Saa moja ya kujirekebisha katika maji tulivu inakufaa kuliko siku nzima ya kupigana na wimbi.

Utasikia pia mwito wa mapango na meli zilizozama, na ni haki yako kuusikia, kwa kuwa saidimaunti ilitoka huko. Lakini cheti cha saidimaunti hakikuruhusu kuingia mahali penye dari. Sheck Exley, mpiga mbizi mashuhuri wa Florida, alichapisha mwaka 1979 kijitabu kilichochambua vifo vya mapangoni, na makosa yaliyojirudia yalikuwa yaleyale: kukosa kamba ya kuongozea inayofika hadi nje bila kukatika, kutotenga theluthi mbili za hewa kwa ajili ya kutoka, na kwenda kina kirefu mno. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa na mtungi wa pili. Pale meli ya MV Dania ilipozamishwa kwa makusudi mwaka 2002, nje ya pwani ya Mombasa, kuna milango na vyumba vinavyomwita mtu aliyefunga mitungi ubavuni. Ogelea nje yake, chungulia kwa taa, uende zako. Ukitaka kuingia, ipo kozi ya meli zilizozama, ipo ya mapango, na zote zina walimu wake.

Mwisho ni ununuzi, na nimeuacha huku kwa kusudi. Kodi au azima mikanda ya aina mbili tofauti kabla hujanunua. Mikanda myembamba iliyobuniwa kwa maji ya joto itamfaa anayezamia Pemba au Mafia na suti ya milimita tatu. Mizito yenye mfuko mkubwa ni ya suti kavu na mitungi ya chuma. Fedha zako za kwanza zipeleke kwenye regyuleta mbili zinazofanana, ili ukizoea moja umezoea zote na vipuri viwe vya aina moja. Ukinunua mikanda iliyotumika, jaza mfuko wa kuelea hewa usiku, uutazame asubuhi kama umelegea. Vuta kila utepe penye mshono. Zungusha vali za kutolea hewa uone kama chumvi imeganda ndani. Nunua kulabu za chuma kisichoshika kutu, maana za bei nafuu huganda kwa chumvi baada ya muda mfupi, na kulabu isiyofunguka kwenye mkondo ni balaa. Beba oringi za akiba, lastiki za akiba, na kisu kidogo cha kukata kamba kifuani, mahali ambapo mikono yote miwili inafika.

Kila ukitoka majini, suuza kila kulabu kwa maji baridi yasiyo na chumvi huku ukiichezesha springi yake, suuza mfuko wa kuelea hadi ndani, na uzikague lastiki penye mikunjo, kwani hapo ndipo huanza kuchakaa. Kisha andika kwenye daftari lako la mbizi: risasi ngapi, zilikaa wapi, pete ipi ulitumia mkia ulipoinuka, geji zote mbili mwanzoni na mwishoni. Ukienda tena baharini baada ya mwezi au miezi mitatu, hutalazimika kuanza kukisia upya. Utafungua ukurasa ule, ufunge mikanda kama ilivyoandikwa, uendelee kurekebisha kuanzia hapo.